KIBAYA CHAJITEMBEZA: TUZIKAGUE SAA ZA KALE KABLA YA KUTOA FEDHA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumelikumbuka neno hilo wiki hii baada ya kufikiwa ofisini kwetu na mzee mmoja mfanyabiashara wa Unguja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisafiri hadi Singida kununua vitunguu na mafuta ya alizeti, kisha kuvivusha bahari kwa ajili ya masoko ya Visiwani. Mzee huyo hakuja kwetu kuomba msaada wa fedha. Alikuja kuomba habari yake iandikwe ili mwingine asitumbukie katika shimo alilotumbukia yeye. Jina lake tumelihifadhi kama alivyotaka, lakini kisa chake tunakieleza.

Akiwa katika nyumba ya wageni mjini Singida, saa mbili ya usiku, alijiwa na mtu wa makamo, mwenye maneno ya adabu na mavazi ya heshima. Mtu huyo alimwamkia, akakaa, akamweleza kuwa babu yake alikuwa mpishi wa Mjerumani katika machimbo ya dhahabu ya Sekenke, na kwamba Mjerumani yule, alipokimbia majeshi ya adui mwaka 1916, alimwachia mpishi wake saa ya mkono ya dhahabu. Sasa familia ina mgonjwa, fedha inahitajika usiku uleule, na ndiyo sababu mali hiyo ya urithi inauzwa. Saa ikatolewa katika kitambaa. Ilikuwa nzito kiasi, ya rangi ya dhahabu, imeandikwa Rolex usoni. Bei ilianza shilingi milioni nane, na kabla ya nusu saa kupita ilikuwa imeshuka hadi milioni tatu na nusu. Mzee wetu alilipa. Fedha ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa mtaji wa watu watatu walioshirikiana kununua vitunguu.

Aliporudi Unguja, aliipeleka kwa fundi saa wa Mji Mkongwe. Fundi hakuhitaji hata dakika tano. Alifungua kifuniko cha nyuma, akamwonyesha betri ndogo mfano wa kidonge, na mtambo wa bei ya chini unaowekwa katika saa za kuuzwa barabarani. Mwili wa saa ulikuwa wa shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu. Mzee alituambia kwamba kilichomuuma zaidi si fedha, bali kuwakabili wenzake wawili na kuwaambia kwamba vitunguu havikuja, na kwamba badala yake amekuja na saa.

Huenda wapo watakaouliza: je, habari ya saa za anasa inamhusu nini mwananchi wa kawaida? Saa za namna hiyo si vitu vya matajiri wa Ulaya? Sisi tunasema inamhusu sana. Tajiri wa Ulaya anaye mwanasheria, anaye mtaalamu wa kumkagulia, na akipoteza anayo akiba. Anayeumia ni mfanyabiashara mdogo aliyebeba mtaji wa wenzake, au mchimbaji mdogo wa Iramba au Ikungi aliyepata fedha ya dhahabu baada ya miezi ya jasho na anayetaka kuiweka katika kitu cha kudumu. Watu hao ndio wanaoandamwa, kwa sababu matapeli wanajua fedha ilipo.

Tena, ujuzi huu humlinda muuzaji mwaminifu kama unavyomlinda mnunuzi. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na katika nyumba za jamaa zetu walioko Maskati, zimo saa za kweli walizoacha wazee waliofanya kazi melini, serikalini, au katika biashara za Ghuba. Mjane asiyejua alichonacho anaweza kumuuzia mpita njia, kwa bei ya kilo chache za mchele, kitu ambacho kingewasomesha wajukuu wake. Asiyekijua kitu hupunjwa akinunua, na hupunjwa akiuza.

Thamani ya vitu hivi imepanda mno, na hapo ndipo tamaa ya waghushi ilipozaliwa. Mwezi Oktoba, 1017 haikuwa, wala si zama za kale: ni mwaka 2017 tu, katika mnada mmoja wa New York, saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilipouzwa kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani. Habari kama hiyo ikisikika, kila mwenye saa kuukuu hujiona tajiri, na kila mlaghai huanza kutafuta wa kumwuzia ndoto.

Wala asidhani mtu kwamba wanaodanganywa ni wajinga. Iko saa nyingine iliyoaminiwa kuwa ya mwaka 1957. Lakini kisa chake ni cha Novemba 2021, mjini Geneva, ambako saa ya Omega aina ya Speedmaster iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni tatu za Uswisi. Aliyeinunua ni kampuni ya Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vilivyotoka katika saa mbalimbali, na kampuni ikatamka hadharani kuwa watumishi wake wa zamani walihusika. Ikiwa aliyeitengeneza saa aliweza kuuziwa saa ya viraka kwa jina lake mwenyewe, sisi wengine tuna sababu gani ya kuona haya kuomba kukagua kwanza?

Tuanze basi na hadithi ya Sekenke, kwa kuwa ndiyo chambo kilichotumika. Ni kweli kwamba Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, ni mahali penye historia kubwa ya dhahabu katika nchi yetu. Dhahabu yake ilichimbwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916, nchi ilipokuwa imezingirwa na sarafu zimeadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli zikapigwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Zilipigwa sarafu 16,198 tu. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na dhahabu yake ni sehemu 750 katika 1,000. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji.

Uzuri wa historia hiyo ndio uliowapa matapeli mtaji. Nani katika Tanzania hajasikia habari za mali ya Mjerumani, iliyozikwa chini ya mwamba au chini ya mbuyu, yenye ramani na yenye masharti? Watu wameuza ng'ombe, wamechimba mashimo, wamelipa waganga, na hawakupata kitu. Sarafu ya Tabora nayo imeghushiwa sana, kwa sababu ya uchache wake. Saa ya Mjerumani wa Sekenke ni tawi jipya la mti uleule wa uongo. Palipo na ukweli kidogo, ndipo uongo mkubwa huota mizizi.

Lakini hadithi ina udhaifu mmoja: saa yenyewe haiwezi kuifuata. Mzee wetu alituruhusu kuitazama saa ile, na kabla hata ya kuifungua tuliona mambo manne yaliyoipinga. Kwanza, ilikuwa imeandikwa Oyster, ilhali jina hilo lilianza kutumika kwa saa za Rolex mwaka 1926, miaka kumi baada ya Mjerumani kukimbia. Pili, ilikuwa na kidirisha cha kuonyesha tarehe, mfano wa saa ya Datejust ambayo kampuni hiyo iliitoa mwaka 1945. Tatu, chini kabisa ya uso wake palikuwa na maneno T SWISS T, ambayo ni alama ya unga uitwao tritiamu, uliotiwa katika saa ili zing'ae gizani kuanzia miaka ya 1960. Nne, mshale wake wa sekunde uliruka hatua moja kila sekunde, kama ufanyavyo mshale wa saa ya betri. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo kuuzwa duniani ni Seiko Astron ya Japani, na ilitoka tarehe 25 Desemba, 1969. Mjerumani wa mwaka 1916 angeipata wapi?

Hili ndilo funzo la kwanza na kubwa kuliko yote. Mnunuzi asiulize tu kama saa ni nzuri. Aulize kama kila kipande chake kinakubaliana na umri unaotajwa. Muuzaji anaweza kuipamba hadithi apendavyo, lakini tarehe hazipambiki. Hata desturi ya wanaume kuvaa saa mkononi ilienea hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya hapo, bwana mkubwa wa Kijerumani aghalabu alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo.

Funzo la pili ni la kusikiliza na kutazama mwendo. Saa za kifahari za kale, karibu zote, ni za kutia ufunguo au za kujitia zenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Mshale wa sekunde katika saa hizo hutembea kwa vihatua vidogo vidogo, kati ya vitano na vinane kila sekunde, hata jicho likauona kama unateleza. Ukiruka mara moja kwa sekunde, uliza maswali. Hata hivyo, mwendo wa kuteleza peke yake si ushahidi, maana waghushi wa siku hizi nao hutumia mitambo ya kutia ufunguo. Mshale unaoruka hutosha kumtilia shaka anayesema saa yake ni ya mwaka 1950, lakini unaoteleza hautoshi kumkubalia.

Funzo la tatu ni la giza. Unga wa tritiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Saa iliyotengenezwa mwaka 1972, baada ya miaka hamsini, imebakiwa na takriban sehemu moja tu ya kumi na sita ya nguvu zake. Basi akikuletea mtu saa ya mwaka huo, nawe ukaingia nayo chumba cha giza ukaiona inawaka kama kimulimuli usiku kucha, jua kwamba uso wake umebadilishwa au umepakwa upya. Inaweza kuwa saa ya kweli, lakini si kamili kama isemwavyo, na bei yake haiwezi kuwa ileile.

Hapa tunawaonya hasa mafundi wetu. Saa za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi zilitiwa unga wa rediamu, ambao hata ukiacha kung'aa hubaki na mionzi kwa mamia ya miaka. Wasichana waliokuwa wakipaka unga huo viwandani huko Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, waliugua vibaya na wengi wao wakafa. Uso wa saa wa namna hiyo usikwanguliwe kwa kisu, wala vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo.

Funzo la nne ni la dhahabu, na hapa wenyeji wa Singida ni walimu kuliko wanafunzi. Mchimbaji wa Sekenke haambiwi dhahabu ina uzito gani. Mkono wake unajua. Dhahabu ya karati 18, ambayo ndiyo itumikayo zaidi katika saa bora za Uswisi, ina uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa shaba nyeupe au chuma cha ukubwa uleule. Ndani ya kifuniko chake hupigwa mhuri wa 750. Kadhalika, saa za dhahabu za Uswisi za zamani zilipigwa mhuri mdogo wenye kichwa cha mwanamke, na kuanzia mwaka 1995 mhuri huo ukabadilishwa ukawa kichwa cha mbwa. Akikuambia mtu kwamba saa ni ya mwaka 1968, nawe ukaona humo kichwa cha mbwa, huna haja ya kuendelea na mazungumzo. Mihuri nayo hughushiwa, na kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kipimo cha madini yenyewe.

Funzo la tano ni la nambari. Saa nyingi za thamani zina nambari ya mfululizo ambayo hutaja ni saa ipi miongoni mwa zote zilizotengenezwa. Kwa saa za Rolex za zamani, nambari hiyo imechongwa ubavuni mwa mwili wa saa, kati ya pembe zinazoshika mkanda upande wa saa sita ya usoni, na nambari ya aina huwa upande wa saa kumi na mbili. Ili kuiona ni lazima mkanda ufunguliwe. Muuzaji asiyekubali mkanda ufunguliwe amekwisha kujibu swali lako. Herufi za kweli zimechongwa kwa ukali na usawa. Za bandia aghalabu huonekana kama zimechomwa kwa tindikali, zikawa na ukungu na madoa. Nambari hiyo ilinganishwe na hati, ikiwa hati ipo, na hati nayo ikaguliwe, maana karatasi hughushiwa kwa urahisi kuliko chuma.

Funzo la sita ni la ndani. Saa yoyote inayodaiwa fedha nyingi ifunguliwe mbele ya mnunuzi na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi mwenyewe, wala si fundi aliyeletwa na muuzaji. Fundi atazame kama mtambo una jina na nambari za kampuni iliyoandikwa usoni, kama skrubu zake zimekwaruzwa na mikono mingi, na kama vipande vyote ni vya umri mmoja. Yako mambo matatu ambayo watu huyachanganya: saa ya kweli tupu, saa bandia tupu, na saa ya viraka yenye vipande vya kweli vilivyokusanywa kutoka saa mbalimbali. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyowapata wenye Omega wao wenyewe.

Ndugu zetu wa Visiwani tunawapa tahadhari ya pekee. Baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman tarehe 23 Julai, 1970, serikali yake iliagiza saa za thamani zenye nembo ya jambia usoni au mgongoni, nyingine kupitia duka la Asprey la London, zikatolewa zawadi kwa watu waliotumikia nchi hiyo. Leo saa hizo hutafutwa sana duniani. Kwa kuwa nusu ya ukoo wa baadhi yetu iko Maskati, hadithi ya mjomba aliyepewa saa na Sultani husadikika upesi katika baraza zetu. Lakini nembo ya jambia ni rangi tu iliyopigwa juu ya uso wa saa, na mtu mwenye mtambo wa kupigia chapa anaweza kuiweka juu ya saa ya kweli isiyokuwa nayo, ili bei yake iongezeke mara nyingi. Basi nembo peke yake si ushahidi. Ushahidi ni barua ya zawadi, picha ya wakati ule, kumbukumbu za utumishi wa huyo mjomba, na ukaguzi wa uso wenyewe kwa kioo cha kukuzia.

Na walio na saa za kweli majumbani tunawasihi wasizisugue ziwe mpya. Saa ya kale iliyosuguliwa pembe zake zikapotea, au iliyobadilishwa uso kwa kuwa ule wa zamani umefifia, imepotezewa sehemu kubwa ya thamani yake. Kufifia kwake ndiko cheti cha kuzaliwa kwake. Risiti kuukuu, sanduku lililochanika, hata kipande cha karatasi cha fundi wa miaka ya 1970, visitupwe.

Yote hayo yamhusu mnunuzi. Lakini haitakuwa haki kumtwika mwananchi mzigo wote, kana kwamba serikali haipo. Sheria tunazo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuuza kitu chenye alama ya kughushi, na Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, imepewa kazi ya kumlinda mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani kilingane na maelezo hayo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inamwadhibu ajipatiaye mali kwa udanganyifu. Zanzibar nayo inayo tume yake ya ushindani na ulinzi wa mlaji, kwa sheria ya mwaka 2018. Kilichopungua si maandishi. Kilichopungua ni mkono wa sheria kufika mahali udanganyifu unapotendeka, yaani katika nyumba za wageni, stendi za mabasi na pembe za masoko.

Tunalo jambo la kueleza hapa kwa masikitiko. Mzee wetu alipokwenda kutoa taarifa katika kituo kimoja, aliulizwa kwa kicheko ni nani aliyemtuma kununua saa usiku. Swali hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikuwa swali la kuulizwa pale. Mwananchi aliyetapeliwa akichekwa, hatarudi tena, wala jirani yake hatakwenda. Na mlaghai akijua kwamba aibu itawafunga watu midomo, amepata leseni bila kuiomba. Tungependa maofisa wa ngazi zote wakumbuke kwamba taarifa ya mtu mmoja aliyeaibika inaweza kuwaokoa watu kumi ambao bado hawajakutana na tapeli yule.

Kwa hiyo tunatoa mashauri manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Shauri la kwanza ni kwa viongozi wa Mkoa wa Singida. Tangu mwaka 2019 nchi yetu imeanzisha masoko ya madini, na Singida ni miongoni mwa mikoa yenye soko hilo. Dhahabu ya mchimbaji hupimwa humo kwa uwazi kabla ya kulipwa, na manufaa yake yameonekana. Mgodi mkubwa wa Ikungi ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2023, mzunguko wa fedha mkoani uliongezeka, na pamoja nao wameongezeka wenye kuivizia fedha hiyo. Basi tunashauri kwamba mwananchi yeyote, kwa ada ndogo, aruhusiwe kupimiwa katika soko hilo pete, mkufu au mwili wa saa anaotaka kununua, na apewe karatasi ya majibu. Mlaghai wa dhahabu huogopa mizani kuliko anavyoogopa mahubiri.

Shauri la pili ni kwa maofisa biashara wa halmashauri. Matangazo ya maneno machache, kwa Kiswahili safi, yabandikwe katika nyumba za wageni na stendi, yakiwaonya wasafiri wasinunue vito, sarafu wala saa za thamani usiku au kwa mtu asiyejulikana, na yakitaja ofisi ya kupeleka taarifa.

Shauri la tatu linahusu maandishi. Mauzo ya kitu chochote cha thamani yaandikwe, yakiwa na majina kamili ya pande mbili, nambari za vitambulisho vyao vya taifa, nambari ya mfululizo ya saa, maelezo yake na bei yake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa upande wa Bara na mbele ya sheha kwa upande wa Visiwani. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu. Maandishi hayo yatamkinga pia mnunuzi asije akajikuta na mali ya wizi, jambo ambalo linaweza kumfikisha mahakamani hata kama fedha yake aliitoa kwa nia njema.

Shauri la nne ni kwa taasisi za pande zote mbili za Muungano. Tume ya ushindani ya Bara ina mipaka yake, na ya Zanzibar ina mipaka yake, lakini tapeli hana mipaka. Huuza Singida na aliyeuziwa hugundua Unguja. Ni lazima taasisi hizo, pamoja na Jeshi la Polisi, ziwe na utaratibu wa kupashana habari, ili mlalamikaji wa Unguja asitakiwe kusafiri tena kilomita mamia kwa mamia kwenda kueleza kisa chake upya. Nauli ya safari hiyo peke yake inatosha kumfanya asamehe.

Wananchi nao, tunarudia, wasikabidhi fedha kabla ya kukabidhiwa nafasi ya kukagua. Anayeuza kitu cha kweli haogopi mchana, haogopi fundi, haogopi mizani, wala haogopi kuandika jina lake. Bei ikishuka kwa zaidi ya nusu katika muda wa kunywa kikombe cha chai, hiyo si bahati. Hiyo ni ishara. Na hadithi ikiwa tamu mno, yenye babu na Mjerumani na mgonjwa mahututi, msikilizaji airudishe saa katika kitambaa chake na aombe usiku mwema.

Mzee wetu ameamua kuilipa sehemu ya wenzake kidogo kidogo, na wao, kwa uungwana wao, wamekubali kumngoja. Saa ile bandia hakuitupa. Ameitundika dukani kwake Unguja, ukutani, pale ambapo kila mteja ataiona, na betri yake ameiacha ndani. Tulipomwuliza kwa nini, alisema inasema kweli katika jambo moja tu, nalo ni majira, na kwamba vijana wanaokwenda Bara kununua vitunguu humwuliza habari zake kabla ya kupanda boti. Naye huwaeleza.